Miguu Miwili Chini ya Pazia

Jumamosi ya onyesho, mkunga mstaafu alianza kulipiga pasi gauni lake la kijani saa nne asubuhi, ingawa milango ya ukumbi ilikuwa ifunguliwe alasiri. Alilipiga, akalitundika mlangoni, akalitazama kwa jicho baya, akaliteremsha na kuanza upya. Binti wa marehemu mdogo wake, ambaye alimlea tangu akiwa wa kunyonya na sasa alikuwa muuzaji katika duka la dawa, aliketi ukingoni mwa kitanda akichovya mkate kwenye chai.

"Mama Mkubwa, utalitoboa hilo gauni."

"Litoboke. Zamani nilikuwa naingia mle na sare ya kazini, ina madoa ya watoto wa watu. Leo wataniona mtu."

"Nani atakuona? Taa si zinazimwa?"

"We kunywa chai yako."

Walikuwa wanakwenda kutazama "Malkia wa Mnarani". Mchezo huo wa nyimbo ulichezwa katika ukumbi ule ule miaka ya nyuma, msimu baada ya msimu, mpaka wapaka rangi wa viatu wakawa wanaupiga mluzi. Sasa mwongozaji mpya, mwanamke kijana mwenye miwani mizito, alikuwa ameufumua na kuushona upya. Hadithi yenyewe ni nyepesi: malkia anafungiwa juu ya mnara na mumewe, anaimba, watu wa chini wanasikia, hakuna anayepanda kumtoa. Zamani ulikuwa na askari wa mbao, farasi wawili wa karatasi ngumu, na mnara uliokuwa ukiyumba kila mtu alipoubamiza mlango wa choo.

Enzi hizo mkunga alikuwa akitoka zamu na kwenda moja kwa moja kukaa kiti cha nyuma kabisa. Watu wote walimtazama malkia. Yeye alitazama upindo wa pazia la kulia, pale ambapo, ukijua pa kutazama, uliiona miguu miwili yenye kandambili, mmoja umekanyaga mwenzake. Ilikuwa miguu ya mdogo wake, na ndiye aliyekuwa anaimba.

Mdogo wake aliajiriwa pale kama mfagiaji. Wafanyakazi walimpa jina Zumari kwa sababu alifagia akiimba, na siku moja meneja wa wakati ule alisimama katikati ya viti akamsikiliza mpaka safu nzima ikaisha kufagiwa. Mwanamke aliyekuwa amechaguliwa kuwa malkia alikuwa mrefu, ana shingo, na ana macho ya kumfanya mtu asahau alichokuja kufanya. Sauti yake ilikuwa ya mlango usiotiwa mafuta. Meneja akapata wazo: mmoja asimame mbele afumbue mdomo, mwingine asimame nyuma ya pazia aimbe. Alipoulizwa kwa nini Zumari asisimame mbele mwenyewe, alijibu kwamba watu hawawezi kumlilia malkia waliyekutana naye mlangoni amebeba ndoo. Aliona amesema jambo la akili, na wenzake pia waliona hivyo.

Kwa hiyo Zumari aliimba misimu yote midomo ikigusa mahameli ya pazia, ili sauti ipenye na kutokea mbele, na katika msimu wa mwisho mgongoni amembeba mwanawe, maana hakuwa na wa kumwachia. Mtoto akilia, mama alikata wimbo akambembeleza, kisha akaendelea. Yule wa mbele alijifunza kungoja: mkono kifuani, macho juu. Watazamaji wakasema malkia yule anajua kunyamaza kuliko wengine wanavyojua kuimba. Baadaye Zumari aliugua kifua akafa, mtoto hajaanza hata kusema. Mchezo ukafungwa, na yule mrefu akabaki kuitwa Malkia mpaka sokoni na hospitalini. Picha yake ilitundikwa kwenye baraza la kuingilia ukumbini, mdomo wazi.

Hakuna aliyewahi kuinasa sauti ya Zumari kwenye kanda. Binti alikua akisikia kwa mama yake mkubwa kwamba mama yake aliimba, na akisikia shuleni kwamba mama yake alikuwa mfagiaji. La pili lilikuwa na mashahidi wengi. Alipokuwa mtu mzima alikwenda ukumbini kuuliza, akaambiwa kwa adabu zote kwamba wanachokijua wao ni ufagio. Hakutaka fidia wala sanamu. "Waseme tu," alikuwa akimwambia mama yake mkubwa wakiosha vyombo. "Mara moja, kwa sauti, watu wakiwemo. Waseme aliyeimba ni mama yangu. Basi, sina lingine."

Hilo ndilo walilokwenda kulitafuta siku ile, na ndiyo sababu gauni lilipigwa pasi mara mbili.

Habari za pazia zilikuwa zimeshaenea mjini. Mwongozaji alilikuta stoo limefungwa kwenye turubai, akaagiza litundikwe kwa ajili ya mazoezi, na lilipotundikwa likaimba. Fundi wa umeme alilipapasa kutafuta spika, hakuiona, akaenda kula. Mkaguzi wa moto alikuja, akasikiliza wimbo mmoja na nusu, akathibitisha kwamba pazia linaimba lakini si la kushika moto ovyo. Fundi cherehani aliitwa aondoe sehemu moja iliyochakaa, kimo cha mdomo wa mwanamke mfupi. Alipotia mkasi pazia likamwambia, "Polepole, bwana," naye akaona si vizuri kuendelea. Gazeti lilitoa habari hiyo chini ya ratiba ya mgao wa maji, likasema sauti ya Malkia imebaki kwenye nguo.

"Ya Malkia!" mkunga alisema siku aliposoma, akalitandika gazeti chini ya jiko. "Haya. Na mimi ni rubani."

Walikaa safu ya tano, upande wa kulia. Mbele yao bwana mmoja alikuwa na kofia pana na hakuwa na haraka ya kuivua, mpaka mkunga alipomgusa bega. "Baba, hicho kichwa cha pili kipakate." Alikipakata. Kwenye safu ya mbele kabisa aliketi Malkia mwenyewe, mzee sasa, shingo bado ipo, na kiti cha jirani yake kilikuwa kimewekewa shada la maua.

Taa zikazimika. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mkunga alikuja na ugomvi tumboni, na onyesho halikufika mbali akawa ameusahau. Mwongozaji alikuwa ameufuta mnara, askari na farasi, na mahali pake ameweka lifti. Malkia sasa alikuwa mwendesha lifti wa jengo refu la ofisi, ana sare na kikofia, anapandisha watu na kuwateremsha kutwa, mwenyewe haruhusiwi kushuka ghorofa yoyote. Enhe, mkunga alisema moyoni. Enhe, hapo umepatia. Mnara ule wa zamani ulikuwa wa kusimuliwa tu. Huu aliujua, kwa sababu alifanya kazi maisha yake yote katika hospitali yenye lifti moja.

Waigizaji walikuwa wachache na walikuwa jengo zima. Waliingia wakiwa mawakili, wakatoka wakiwa wapaka rangi, wakarudi wakiwa mawakili waliopakwa rangi. Ghorofa zilibadilika kwa taa ndogo iliyopanda ukutani na ngazi moja ya mbao. Mume wa malkia hakuonekana hata mara moja, alikuwa kengele. Ikilia mara moja, apande. Ikilia mara mbili, ashuke. Mkunga alicheka kwa sauti wapaka rangi walipobishana nani apite kwanza na ndoo yake. Ghafla akaacha kucheka, kwa sababu mwendesha lifti alikuwa amewashikia mlango muda wote huo, wakapita wote, hakuna aliyesema asante.

Milango ya lifti ilikuwa lile pazia jekundu la zamani, nusu kushoto, nusu kulia. Wimbo wa kwanza ulipofika, mwendesha lifti hakufumbua mdomo. Alisimama midomo imefungwa, anashona kifungo cha sare yake kilicholegea, na pazia la kulia likaimba.

"Angalau huyu amefunga mdomo," mkunga alinong'ona.

Binti alikuwa ameshika mikono ya kiti. Sauti ilikuwa nzito chini na nyembamba juu, ina vumbi kidogo, na haikuwa na haraka na mtu. Ilishika neno, ikalizungusha, ikaliachia pale ambapo hukulitarajia, na ukiliona limetua unajua hapakuwa na pengine pa kulitua. Watu wa ukumbi mzima waliacha kujikuna. Kisha, kabla ya ubeti wa pili, sauti ilikatika, ikasema taratibu, "Sss, sss. Lala, mama. Lala." Kikasikika kikohozi kidogo cha mtoto mchanga. Halafu wimbo ukaendelea pale ulipoachia. Wapiga fidla walikuwa wameshalizoea pumziko hilo. Wakateremsha pinde zao na kuzipandisha tena kwa pamoja.

Bwana wa kofia alimwinamia mkewe akamwambia kwamba huo ni ubunifu wa hali ya juu.

"Ni mimi," binti alisema. "Mama Mkubwa, huyo anayekohoa ni mimi."

"Ni wewe. Ulikuwa na kifua kibaya wewe, tulikesha."

Hapo binti akaanza kulia, na hakulia kwa adabu. Alilia kwa sauti, mabega yanapanda na kushuka, kamasi zinamtoka, leso haionekani. Na pazia, ambalo lilikuwa katikati ya ubeti mrefu kuliko yote, likanyamaza.

"Sss," lilisema. "Sss, mama. Nipo. Namalizia sasa hivi, nipo."

Fidla zikangoja. Mwendesha lifti akangoja, sindano hewani. Ukumbi wote uligeuka kutazama safu ya tano. Hakuna aliyeshangaa, ila bibi mmoja wa nyuma aliomba kwa upole mtoto anyamazishwe, wimbo uendelee. Mkunga akamvuta binti, msichana mzima mwenye kazi yake na funguo za duka la watu, akamlaza kichwa begani na kumpigapiga mgongo. Pazia lilisema "sss" mpaka kilio kikawa kwikwi. Kisha likarudia ubeti ule tangu mwanzo, na mkunga, aliyeusikia wakati mwenye sauti yu hai, alikiri kwamba hajawahi kuusikia umeimbwa hivyo.

Zamani mchezo uliisha kwa malkia kujitupa kutoka mnarani, na chini walimtandikia magodoro. Mwongozaji hakutaka magodoro. Mwendesha lifti wake alisimamisha lifti kati ya ghorofa mbili, akavua kikofia, akakitundika juu ya kengele ili isisikike tena, akashuka kwa ile ngazi ya mbao kwa miguu yake mwenyewe, akapita katikati ya viti na kutokea mlango wa watazamaji. Jukwaani zilibaki zile nusu mbili za pazia zikifunguka na kufungika zenyewe, zinaimba. Mkunga alikuwa wa kwanza kusimama. Alipiga makofi mpaka mkoba ukamponyoka, na hakuuokota.

Kisha Malkia alipandishwa jukwaani. Meneja wa sasa, mtu mpole aliyefunga suruali juu sana, alimkabidhi maua kwa niaba ya wote wanaoienzi sauti yake. Malkia aliweka mkono kifuani, akainua macho juu, akangoja. Ukumbi ulilipuka.

"Jamani, anajua kusimama," mkunga alisema, na ilikuwa kweli.

Walimkuta mwongozaji barazani, chini ya ile picha. Alimwamkia mkunga kwa heshima, naye mkunga alianza na pongezi, kwa sababu alikuwa nazo na zilimwasha mdomoni.

"Mwanangu, umefanya kazi. Ile lifti! Na kile kifungo, kushona kifungo huku pazia linaimba, nani alikufundisha?"

"Hakuna, mama. Niliona tu kwamba akifumbua mdomo utakuwa uongo."

"Basi unajua."

Mwongozaji alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. "Najua. Malkia hajawahi kuzaa, na pazia linabembeleza mtoto. Humu ndani tunajua wote, mpaka anayekata tiketi."

"Sasa mbona hamsemi?" binti aliuliza. Macho yake yalikuwa bado mekundu. "Semeni tu. Hata leo. Hata sasa hivi, watu hawajaondoka."

"Mabango yameshachapwa, dada yangu. Wafadhili wamekuja kwa jina lake. Na yule ni mtu mzima; nikimvua hilo, atarudi nyumbani amevaa nini?" Alisema kwa uchungu wa kweli. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomwudhi mkunga, maana mtu mbaya ungejua pa kumshika.

Malkia alitokea kwenye korido na maua yake mkononi, na alikuwa amesikia. Hakumtazama binti usoni. Alitazama chini, kwenye viatu vya wazi vya binti, akatazama muda mrefu.

"Una miguu yake," alisema, na sauti ilikwaruza kama kawaida yake. "Nilikuwa nikigeuza shingo kidogo hivi, naiona ile miguu chini ya pazia. Ikipanda kwa vidole, najua sasa inakuja ile sauti ya juu, natanua mdomo. Sikukosea hata neno moja, misimu yote. Mama yako na mimi tulikuwa mtu mmoja."

"Mtu mmoja," mkunga aliitikia, "ila ukutani mmemtundika nusu."

Malkia hakukasirika. Alichomoa ua moja kwenye shada akampa binti. "Nikisema, nitakuwa nani?" aliuliza, na alionekana anataka kweli kujibiwa. Kisha akaomba aitiwe gari, magoti yalikuwa yanamuuma.

Jumapili yake binti alikuwa zamu kwenye duka la dawa, na pazia halikuimba. Wimbo wa kwanza ulipofika lilisema, "Uko wapi, mama?" likangoja. Fidla zikacheza utangulizi upya. "Uko wapi?" pazia likasema. Mwendesha lifti alishona vifungo vyake vyote, akaanza kushona vya wapaka rangi. Watu walivumilia mpaka mwisho, wakarudi makwao wakisema onyesho ni zuri ila halikukolea. Jumamosi iliyofuata ikawa yale yale.

Ndipo meneja na mwongozaji walipokwenda nyumbani kwa mkunga. Walikaribishwa viti, wakapewa maji. Meneja aliifafanua hali ilivyo kwa utulivu, akiwa ameweka mikono juu ya magoti. Pazia lilimsikia mtoto, alisema, na sasa limeshajua yupo, halitaimba bila yeye kuwa karibu. Nyuma ya pazia la kulia bado kulikuwa na kigoda cha zamani. Kama binti angekubali kuja kuketi pale siku za maonyesho, si zaidi ya hapo, na bila kuonekana na watazamaji, ukumbi ungeshukuru sana.

"Atakuja," mkunga alisema. "Siku mtakayosimama jukwaani mkamtaja mama yake."

"Hilo, mama, liko chini ya bodi."

"Bodi inakaa lini?"

"Msimu ukiendelea, bodi haikai. Na msimu ukiisha huwa haina cha kukalia."

Mkunga alisonya.

"Lakini tutamwajiri kihalali," meneja aliharakisha kusema. "Hatuwezi kumkalisha mtu bure. Tatizo letu ni kwamba hatuna kazi inayoitwa mtoto wa pazia. Nafasi iliyo wazi kwa sasa ni moja." Hapo alipunguza sauti, na masikio yake yakawa mekundu, kwa sababu hata yeye alikuwa na haya. "Ya mfagiaji."

Mkunga aliinuka akaenda kufungua mlango mpaka mwisho. "Haya, tokeni. Inukeni mtoke, na glasi ziacheni hapo hapo. Mkamfagie huyo Malkia wenu!"

"Kaeni," binti alisema.

Wageni hawakujua wamtii nani, wakabaki wameinuka nusu.

"Mwanangu," mkunga alisema, mkono bado uko kwenye kitasa, "ndivyo walivyoanza na mama yako. Walikuja na huruma hivi hivi, wamekaa viti hivi hivi. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza kwa sababu alikuwa na furaha. Unataka nione tena? Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, ndiyo hiyo?"

"Mama Mkubwa, kila mtu alibembelezwa na mama yake, na hakuna hata mmoja anayekumbuka. Mimi naweza kwenda kubembelezwa kila Jumamosi nikiwa na akili zangu timamu. Wasiposema, wasiseme. Mimi nitamsikia." Kisha akamgeukia meneja. "Lakini siku moja mtasema?"

"Tutajitahidi," meneja alijibu, na chumbani hakukuwa na mtu asiyelijua neno hilo.

Mkunga alikuwa na hotuba nzima tayari. Lakini alikuwa amezalisha wanawake wengi mno maishani mwake, na aliijua ile sura ambayo mtu akishakuwa nayo hakuna maneno ya kumrudisha nyuma. Akaufunga mlango polepole, wageni wakiwa bado ndani, akaketi. Ilimuuma, na hakuficha kwamba inamuuma. Alilia mbele yao, akajifuta kwa kiganja, akawauliza kama wataongeza maji.

Jumamosi iliyofuata gauni la kijani lilipigwa pasi mara moja tu. Binti alikuwa ametangulia tangu adhuhuri. Nje ya ukumbi kulikuwa na bango jipya, shingo ya Malkia imechorwa juu mpaka chini, na maandishi yaliyosema kwamba pazia lake sasa linaimba vizuri zaidi ya awali. Mkunga alilisoma lote, akasonya, akaingia. Bwana wa kofia alikuwa amekuja tena na mkewe, na safari hii alipomwona nyuma yake alikipakata kile kichwa cha pili bila kuambiwa.

Na lo, lilikuwa onyesho! Wapaka rangi walikuwa wameongeza ndoo, na mkunga alicheka mpaka akaomba poo. Kengele ilimtia hasira upya, ingawa aliujua mwisho wake. Wimbo wa kwanza ulipofika, mwendesha lifti aliweka uzi kwenye tundu la sindano, akafunga midomo, na pazia halikuuliza mtu yuko wapi. Liliimba papo hapo. Liliimba kwa raha ya mtu aliyemaliza kazi za nyumbani, na vumbi lililokuwa sautini limetoka.

Mkunga alitazama chini, kwenye upindo wa kulia. Kulikuwa na miguu miwili yenye kandambili, mmoja umekanyaga mwenzake.

Kabla ya ubeti wa pili pazia lilikata. "Sss," lilisema, ingawa safari hii hakuna aliyelia. "Lala, mama."

"Nimelala," sauti ndogo ilijibu kutoka nyuma ya mahameli.

Watu walicheka kwa upendo, ukumbi mzima, na mpiga fidla mmoja alichukua penseli akaliongeza neno hilo kwenye karatasi yake, lisije likasahauliwa. Mke wa bwana wa kofia alijifuta machozi. Mkunga hakujifuta ya kwake, aliyaacha yakashuka mpaka kwenye ukosi wa gauni.

Mwisho Malkia alipandishwa tena, akapewa maua, akashukuriwa kwa sauti yake. Mkono kifuani, macho juu. Ila kabla ya kushuka aligeuza shingo kidogo, akatazama chini ya pazia la kulia, kwa mazoea. Watu walisimama na mkunga alisimama nao. Alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha, kwa sababu hajawahi kuona kitu kizuri kama kile, na kwa sababu miguu ile ilikuwa bado ipo pale pale, imetulia, haijaitwa mbele.

Taa za ukumbi ziliwashwa. Watazamaji walikuwa bado wanatafuta makoti yao wakati binti alipotokea pembeni ya jukwaa, ameshika ufagio na ndoo, amevaa aproni ya ukumbi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala vizuri. Alimwona mama yake mkubwa akampungia mkono. Kisha akaanza kufagia maua yaliyodondoka, kuanzia pale Malkia aliposimama, akashuka ngazi mpaka kwenye viti, akiimba chini chini.

Bwana wa kofia, akiwa anatoka na mkewe, alimwomba asogeze ndoo kidogo wapate kupita. Binti akaisogeza.